Konzi ya Mchanga wa Mwatini

Sipendi kifaa kinachojibu kabla hakijaulizwa, na hiki nilichofungwa mkononi na ofisi ni bingwa wa tabia hiyo. Sikuwa hata nimeinama. Nilikuwa bado nashuka ukingo wa mto Mwatini, viatu vimejaa mchanga, nikakisikia kinasema kwa ile sauti yake ya kutangaza vifo redioni: "Jiwe la mchanga. La kale. Halina madhara."

"Hebu nyamaza," nikakiambia.

"Unamwambia nani anyamaze?"

Alikuwa Mama mdogo Kavutha, amesimama katikati ya mto mkavu, sururu begani, leso imekazwa kiunoni.

"Kifaa, Mama mdogo. Si wewe."

"Nilidhani umesoma mpaka umefika pa kuninyamazisha."

Tukacheka mpaka punda akageuza masikio. Nakitaja kicheko hicho kwa sababu nakikumbuka sana siku hizi. Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea, akanisomesha, na hata nilipopewa cheti cha utaalamu wa miamba aliendelea kuniita "mwanangu" mbele ya wakubwa zangu bila kujali.

"Njoo ulione," akasema. "Wewe si ndiye wa mawe?"

Mwatini si mto wa maji ya kuonekana. Mvua ikipiga milimani hushuka kwa kishindo siku chache tu, kisha inabaki njia pana ya mchanga mweupe, maji yamejificha chini yake. Kila nyumba ina kisima chake humo mchangani, kimezungushiwa miiba ili punda na ng'ombe wasikivuruge. Unachimba, unasubiri, maji yanachuruzika shimoni taratibu, unayateka kwa kata. Mimi nimekua kwa maji hayo. Sasa kisima cha Mama mdogo kilikuwa shimo la kufika gotini, na chini yake sakafu ngumu, rangi ya mkate uliokolea moto.

"Wenzako wa ofisini wanasema mafuriko yamehamisha mchanga," akasema. "Wanasema mwamba ulikuwapo chini siku zote, na mimi mzee nimechanganyikiwa, nachimba pasipo pangu. Pasipo pangu! Kwenye mti ule pale nilifunga punda kabla hao hawajazaliwa."

Nikapiga magoti, nikavunja kipande kwa nyundo, nikapuliza vumbi na kuweka lenzi jichoni. Halafu nikampa yeye. Nilitaka aone mwenyewe.

"Unaona nini?"

"Mchanga. Chembe chembe."

"Pitisha kidole."

"Linakwaruza."

"Kama msasa. Lingekuwa jiwe la tope lingeteleza, na ukilipumulia lingenukia udongo. Hili ni mchanga ulioshikana. Mito imejaa mawe ya namna hii, Mama mdogo, hakuna cha ajabu. Mchanga unatulia, mwingine unaulalia, maji yanapita katikati ya chembe miaka na mikaka na kuacha gundi kidogo kidogo. Mwisho ni jiwe. Ona hii mistari iliyolala upande? Inaonyesha mto ulikuwa unakwenda wapi mchanga ulipotulia."

"Unakwenda kule kule unakokwenda leo."

"Naam. Ndiyo maana kifaa kinasema ni la kale. Kimeona mistari ya mto."

"Na wewe unasemaje?"

Nikasaga kipande kikawa unga, nikatoa ndimu mfukoni. Chupa ya asidi huwa naiacha ofisini kwa kuwa inatoboa mifuko, na ndimu inatosha ukishalisaga jiwe. Nikakamua. Unga ukachemka, ukatoa povu dogo jeupe, ukawa unasema *sss* kama kikaango.

"Gundi ya chokaa," kifaa kikadakia. "Hutokea pia katika mawe ya kale."

Na kilisema kweli. Hilo ndilo lililoniudhi. Yako mawe ya mchanga yaliyoshikwa na gundi ngumu isiyotishika kwa ndimu, na yako yaliyoshikwa na chokaa tangu zama ambazo hata mamba hawajafika hapa. Povu peke yake si ushahidi. Lakini nilikitia kipande kingine mfukoni, maana najua chokaa nyingine, iliyo karibu zaidi.

*

Ukishuka na Mwatini unafika Ndetoni, na Ndetoni hakuna hata mfuko mmoja wa saruji. Bwawa lao lilioteshwa. Wahandisi walijaza mchanga kwenye maumbo makubwa, wakamwaga chachu, vijidudu wadogo mno wanaokula walichowekewa na kunya chokaa. Samahani kwa lugha, lakini ndivyo ilivyo. Chokaa ile ikashika chembe, na baada ya mvua moja pakawa na ukuta wa jiwe. Baada ya bwawa wakaotesha nyumba, shule, zahanati, hata mabeseni ya kuoshea. Watu waliokuwa wakifukuzwa na ukame toka kila upande wakapata mji. Ni mji mzuri, sitaki kusema uongo. Ukiweka kiganja ukutani mchana wa jua kali unapata ubaridi.

Sisi wa juu tuliogopa. Tuliuliza, chachu hii ikipanda kwetu je? Wahandisi wakaapa kwamba haiwezi, kwa sababu husafiri na maji, na maji hayapandi mlima. Watu wa juu hawakuridhika. Wakalala barabarani, Mama mdogo akiwa mstari wa mbele na sufuria yake, mpaka sheria ikapitishwa: chachu ikionekana juu ya bwawa, kiyeyushi kinamwagwa mara moja, hakuna mjadala. Kiyeyushi nacho ni kijidudu, ila hiki kazi yake ni kuila ile chokaa changa ya chachu. Nacho husafiri na maji. Ukikimwaga juu kitashuka, na kikishuka kitakuta bwawa na kila ukuta unaofikiwa na maji yake.

Ndiyo maana wakubwa zangu walilipenda sana jibu la kifaa. Jiwe la kale halina sheria. Visima vimeziba, pole, hamieni Ndetoni mkaishi kwa maji ya bwawa.

Nikapanda mto, Mama mdogo nyuma yangu na punda wake. Kila kisima tulichofika kilikuwa na sakafu ile ile. Ila nikaona jambo: kati ya kisima na kisima mchanga ulikuwa laini, nazamisha mkono mpaka kiwiko. Jiwe limekaa chini ya visima tu, kama sahani chini ya kikombe. Mwamba wa kale haujui watu wamechimba wapi. Na chachu ingekuja na maji ingetandika mto mzima. Nikakaa chini nikajishika kichwa.

Kwenye kisima cha jirani yetu Katunge nilivunja pale palipokuwa pagumu zaidi. Kipande kikapasuka katikati, na ndani yake, kimeshikwa na chembe pande zote, palikuwa na kibanzi cha plastiki ya njano. Cha mtungi wa maji. Rangi haijafifia hata kidogo.

Nikakionyesha kifaa. Kikakaa kimya, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Ni jipya," nikasema.

"Si nilikwambia!" Mama mdogo akapiga makofi. "Mimi na uzee wangu! Watanikoma!"

Alifurahi. Mungu wangu, alivyofurahi. Na wakati anafurahi hivyo, Katunge akatuita tumtazamie kisima kipya alichokuwa anachimba hatua chache kando, kwenye mchanga laini, baada ya kukikatia tamaa cha zamani. Maji yalikuwa yameanza kuchungulia. Mama mdogo akamshukuru Mungu, akaenda mpaka kile kilichoziba, akachimbua pembeni konzi ya mchanga wa majimaji, akaja nayo mkono umekunjwa na kuitia ndani ya kisima kipya. Katunge akajibu, "Kimepokea." Mama mdogo akasema, "Kimjue mwenzake."

Nikautazama mkono ule. Nimeliona tendo hilo tangu utotoni. Lilianza bondeni kwetu baada ya kile kiangazi kikuu, kisima cha Mama mdogo kilipobaki peke yake na maji na watu wakaomba konzi ya mchanga wake kwa kila shimo jipya. Ni heshima. Ni ujirani. Nimelifanya hata mimi, sikuliona kuwa ni kitu cha kufikiriwa.

"Mama mdogo," nikasema. "Visima vyote hivi vilipokea kwako?"

"Vyote, kila mafuriko yakipita tukachimba upya. Changu ndicho mama yao."

"Na chako? Mara ya mwisho kilipokea wapi?"

Akanyooka, akajifuta mikono kwa leso, na kutabasamu kwa fahari yake yote.

"Kwa wakwe, kule Ndetoni. Siku ya harusi ya binti yangu Syombua. Walileta kibuyu kizima cha mchanga waliochota ufuoni mwa bwawa asubuhi ile ile, bado unadondoka maji. Mkwe wangu mwenyewe alikibeba kichwani. Kwani vipi, mwanangu?"

*

Sikuweza kumwambia pale mbele ya Katunge. Nilimwambia jikoni kwake, mchana, ameshanimiminia chai. Nilieleza polepole, kama anavyonieleza yeye mambo ya msiba. Wahandisi walikuwa sahihi: chachu haipandi mlima. Ilibebwa. Ilibebwa kichwani kwa nyimbo, ikamwagwa kisimani, halafu ikatolewa konzi kwa konzi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaugeuza mkono wake wa kulia, akautazama kiganjani.

"Huu," akasema.

"Hukujua, Mama mdogo. Hakuna aliyejua."

"Nimeuliza nani alijua? Nasema ni huu."

Simu ikaita. Ilikuwa Syombua, bintiye, mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Sauti yake ikajaa jiko. "Mama! Ukuta wa chumba cha mtoto umekomaa! Tumeupiga kwa nyundo unalia kama kengele. Ukija tutakulaza humo, baridi tupu. Dada Ndanu yuko? Mwambie aje alione jiwe la maana, aachane na hayo ya porini."

"Nitamwambia," Mama mdogo akasema. "Mtoto anacheza tumboni?"

"Anapiga mateke!"

"Haya. Kula vizuri." Akakata.

Tukakaa. Chai ikafanya ngozi juu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Lile lichombo lako lilisema ni la kale."

"Lilikosea."

"Liache na kosa lake."

"Mama mdogo..."

"Sikiliza. Mimi ndiye niliyelala barabarani. Mimi ndiye niliyedai maji yangu. Basi nayaacha. Nitahamia kwa Syombua, Katunge naye atahama, mto ukitaka kuwa jiwe uwe jiwe. Watu wa Ndetoni ni wengi, mwanangu. Wana shule. Wana wagonjwa kitandani. Sema ni la kale, tumalize."

Nikatamani. Sijifanyi malaika. Nilitamani kwa moyo wote, na ingekuwa rahisi: kukubali jina lililokwisha kutajwa, kunyamaza, kunywa chai. Nani angenilaumu? Wakubwa zangu wangenipandisha cheo.

"Hiki kifaa si kimoja," nikasema. "Viko vingi, kila mto, kila bonde. Mtaalamu akikubali jina, vyote vinalishika. Nikisema jiwe hili ni la kale, kesho kila kifaa nchini kitaliona jiwe la namna hii na kusema la kale, halina madhara. Na wasichana wa bonde hili wameolewa mito mingapi, Mama mdogo? Wamekwenda na vibuyu vyao vya mchanga wa hapa au hawakwenda navyo?"

Alikuwa amewasindikiza wengi wao.

"Huko nako sururu zitagonga sakafu," nikaendelea, "watu wataita ofisi, na kifaa kitawajibu kwa jina nililokipa mimi. Na wao hawana Ndetoni ya kuhamia."

"Hao siwajui," akasema. "Syombua namjua."

"Na mimi namjua."

"Basi mwonee huruma! Nimekulea, sijakuomba kitu maishani. Leo nakuomba."

Ni kweli. Hajawahi kuniomba kitu, hata pesa ya chumvi. Nilianza kulia na yeye akalia, tukalia kila mtu upande wake wa meza, na hakuna aliyemfuata mwenzake. Nikanyanyuka nikatoka uani, nikakisogeza kifaa mdomoni.

"Jiwe la mchanga," nikasema. "Gundi ya chokaa. Limeshika mistari ya mto kwa sababu limeoteshwa pale pale mchanga ulipolala. Jipya. Ni la chachu."

"Umethibitisha?" kikauliza.

Mlangoni Mama mdogo alikuwa amesimama.

"Nimethibitisha."

*

Hakuna aliyekufa Ndetoni. Watu huniambia hivyo wakitaka kunifariji. Walihamishwa mapema, bwawa likafunguliwa taratibu, kiyeyushi kikashuka na kufanya kazi yake sawasawa na mafunzo. Nilikwenda kuona, ilinibidi. Kuta hazikuanguka kwa kishindo. Zilinyong'onyea. Ukigusa pembe ya nyumba inakuachia mchanga mkononi. Shule ikawa kichuguu, zahanati ikawa kichuguu, na wanawake walikuwa wakitoa milango na madirisha kabla hayajazama, kwa sababu mlango unaweza kuubeba.

Mito mingine mitatu ilikutwa na jiwe lile lile msimu huo huo, chini ya visima vya mabinti zetu. Imepona. Hili pia huniambia. Nalikubali, na ningefanya tena vile vile, na ningejuta tena vile vile.

Syombua alipanda Mwatini na mumewe, mtoto mchanga mgongoni, mlango wa mbao juu ya mkokoteni. Hakunitukana. Alinisalimu, "Shikamoo, dada," kama unavyomsalimu mtu ofisini. Wakajenga kibanda cha miti karibu na Mama mdogo, na siku ya kuchimba kisima chao nilikwenda bila kualikwa, nimebeba ndimu mfukoni kama kawaida.

Mto ulikuwa umerudi. Sakafu zote zimekuwa mchanga tena, sururu inaingia bila kelele, na kisima cha Mama mdogo kina maji ya kutosha kijiji. Mkwewe, mume wa Syombua, yule yule aliyebeba kibuyu siku ya harusi, alikuwa shimoni. Alichimba mpaka maji yakachungulia, kisha akainua uso akasubiri. Sote tukasubiri. Katunge alikuwapo, na majirani wengine ukingoni.

Mama mdogo akaenda kisimani kwake. Akainama, akachota konzi, akarudi nayo mkono umekunjwa, maji yanamdondoka vidoleni. Alipofika mdomoni mwa shimo akasimama. Kisha akanigeukia na kuunyoosha mkono, mbele ya watu wote.

"Pima," akasema.

"Mama mdogo, hakuna haja. Mto mzima ni safi, nimepima mwenyewe mwezi..."

"Pima, Daktari."

Tangu siku ile ya chai ndilo jina langu. Hajaniita tena mwanangu. Nikakata ndimu kwa kisu, nikakamua juu ya mchanga ule, juu ya kiganja kile kilichonilisha uji. Tukainamia wote wawili, vichwa vyetu karibu kugusana. Hapakuwa na povu wala sauti. Ulikuwa mchanga tu, na chembe moja moja iking'aa juani.

"Ni safi," nikasema. "Unaweza kutia, Mama mdogo. Tafadhali, tia."

Alikitazama kiganja kwa muda. Mtoto mgongoni mwa Syombua akaanza kulia, Syombua akamtikisa bila kuondoa macho kwa mama yake. Kisha Mama mdogo akageuza mkono, na mchanga ukamwagika hapo hapo miguuni pake, nje ya kisima.

"Teka maji," akamwambia mkwewe. "Mtoto ana kiu."

Katunge, kwa mazoea, alikuwa ameshafungua mdomo kujibu. Akaufumba. Mama mdogo akajipangusa kiganja kwenye leso, akajipangusa tena, akachukua sururu yake na kupanda ukingo. Nilimwita. Nadhani alinisikia, maana alisimama kidogo kabla ya kuendelea kupanda.